Kizibo Si Kipimo: Barua ya Wazi kwa Baraza la Veterinari Tanzania

Kwa Mwenyekiti, Msajili na wajumbe wa Baraza.
Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

YAH: DAWA ZA KUPE WA MBWA, ZA MITISHAMBA NA ZA VIWANDANI

Waheshimiwa,

Mwenye mbwa anayeingia duka la pembejeo kuulizia dawa ya kupe huulizwa kwanza ana ng'ombe wangapi. Akijibu kwamba hana ng'ombe, ana mbwa mmoja tu wa ulinzi, muuzaji hushusha rafuni chupa ya dawa ya josho, humimina kidogo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, hufunga, kisha hutoa maelekezo ambayo wengi wetu tunayajua kwa moyo: kizibo kimoja kwenye ndoo. Ndoo ya lita kumi au ya ishirini, hasemi. Kizibo cha chupa ipi, hasemi. Mbwa ana kilo tano au thelathini, ana miezi miwili au miaka sita, haulizi.

Jirani wa huyo mwenye mbwa ana njia yake. Huchuma majani ya mwarobaini, huyatwanga kwenye kinu cha zamani ambacho hakitumiki tena kwa chakula, huyaloweka usiku kucha, asubuhi huyachuja kwa kipande cha kanga, hukwangulia humo sabuni ya mche ili maji yashike kwenye manyoya, kisha humwogesha mbwa wake kuanzia masikioni hadi katikati ya vidole. Wawili hawa wakikutana hawaishi kubishana. Mmoja anasema majani ni kupoteza muda, mwingine anasema kemikali ni sumu.

Kila mmoja amesema nusu ya kweli, na ubishi wenyewe umekaa vibaya. Majani na maabara havipingani kiasi hicho. Tatizo linalowakabili wote wawili ni moja: kila mmoja anampaka mnyama kitu ambacho hakuna aliyempimia. Hapo ndipo Baraza linapohusika, kwa kuwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imelikabidhi usimamizi wa wataalamu wa mifugo na vituo vya huduma zao, na hakuna chombo kingine kinachoweza kusema neno likasikika mpaka kwenye kaunta ya duka la mwisho wilayani.

Anayetaka kuona jinsi mpaka kati ya mitishamba na kemikali ulivyo mwembamba aende Mafinga. Pareto inayolimwa Iringa, Njombe na Mbeya, na ng'ambo ya mpaka katika nyanda za juu za Kenya, ni ua jeupe lenye moyo wa njano. Likikaushwa na kusagwa hutoa pirethrini, sumu inayovuruga mishipa ya fahamu ya wadudu na kupe. Huo ni mtishamba halisi, wa mkulima mwenye jembe. Udhaifu wake ni jua: mwanga huivunja pirethrini haraka sana, kiasi kwamba mbwa aliyepakwa asubuhi anaweza asiwe na kinga ya maana kufikia jioni. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted nchini Uingereza waliiga umbo la sumu hiyo ya ua wakatengeneza permethrini, inayostahimili jua kwa siku nyingi. Permethrini ndiyo iliyomo katika dawa kadhaa za kudondoshea mgongoni mwa mbwa. Kwa hiyo yule anayesifu ua na kuilaani dawa ya dukani anasifu na kulaani ukoo uleule. Na dawa hiyo ya dukani, ambayo mbwa huimudu, huweza kumuua paka anayelala naye kibarazani, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kuivunja ipasavyo. Kwenye chupa ya maji iliyomiminiwa dawa bila lebo, onyo hilo limeandikwa wapi?

Kupe anayewasumbua mbwa wetu naye anastahili kufahamika kabla ya kupigwa vita. Mara nyingi ni yule wa rangi ya kahawia, Rhipicephalus sanguineus, na mwenendo wake si ule wa kupe wa ng'ombe anayevizia malishoni kwenye ncha za nyasi. Huyu ni mkazi wa nyumbani. Jike akishiba damu huvimba, hugeuka rangi ya kijivu, huachia ngozi na kudondoka. Akishafika chini huanza kupanda. Hukwea ukuta wa banda, hutafuta ufa kwenye plasta au nafasi nyuma ya fremu ya mlango, hutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa hapohapo. Watoto wenye miguu sita wakianguliwa humtafuta mbwa, hunyonya, hushuka, hujibadili, hupanda tena, na baada ya kubadilika mara nyingine hupanda kwa awamu ya tatu wakiwa wakubwa. Sehemu kubwa kabisa ya maisha ya kupe huyu haipiti kwenye mwili wa mbwa. Inapita ukutani.

Ndiyo maana mwenye mwarobaini na mwenye dawa ya josho hulalamika kwa maneno yaleyale: "Nimemwogesha juzi tu, leo wamerudi." Hawakurudi. Walikuwapo. Fundi wa kuziba nyufa kwa saruji na moto wa kuchomea gunia bovu analolalia mbwa hufanya kazi ambayo hakuna bafu la aina yoyote linaloweza kuifanya, na ni ushauri usiomwingizia muuza dawa hata shilingi. Pengine ndiyo sababu hausikiki madukani.

Hasara yenyewe haiko kwenye damu inayonyonywa tu. Kupe huyu hubeba Ehrlichia canis, bakteria waliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, ambao katika vita vya Vietnam waliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani. Mbwa huanza kwa homa na kukataa chakula. Wiki chache baadaye anaweza kuonekana amepona, kumbe ugonjwa umejificha, na akiishiwa nguvu hutokwa damu puani na ufizi wake huwa mweupe. Wapo pia Babesia, vimelea vinavyopasua chembe nyekundu za damu hata mkojo ukawa na rangi ya kahawa. Na binadamu hayuko salama kabisa, maana kupe huyuhuyu huweza kuambukiza Rickettsia conorii, inayoleta homa na vipele.

Muda ndio unaobadilisha hesabu yote. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba Ehrlichia canis anaweza kuingia mwilini mwa mbwa ndani ya saa tatu tangu kupe ajishikize. Saa tatu! Vidonge vya kutafuna vya kizazi kipya, vile vya fluralaneri, afoksolaneri na wenzao, huua kupe vizuri kuliko karibu dawa zote zilizotangulia, na kidonge cha fluralaneri hufanya kazi kwa takriban wiki 12. Lakini sumu yake iko ndani ya damu. Kupe lazima ang'ate kwanza ndipo afe, na kifo chake huchukua saa kadhaa. Mwenye mbwa aliyenunua kidonge hicho kwa bei ya juu ana haki ya kuambiwa kwamba kinapunguza kupe kwa kiasi kikubwa ila hakifungi mlango wa ugonjwa kabisa, na kwamba mwezi Septemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuwa dawa za kundi hili zimeripotiwa kuleta mitetemeko, kuyumba na degedege kwa baadhi ya mbwa. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe bila daktari kujua.

Hapa mitishamba inapata nafasi yake ya haki, nafasi ambayo wakereketwa wake wenyewe wameshindwa kuieleza. Nguvu kubwa ya mimea mingi si kuua kupe; ni kumfukuza kabla hajang'ata. Watafiti wa ICIPE, kituo cha sayansi ya wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, walionyesha miaka ya 1990 kwamba kupe huikwepa harufu ya mgagani, mboga ileile ambayo watu wa bara huichuma na kuipika kwa maziwa au karanga. Ni jambo la kufurahisha kwamba mboga ya bibi ina cha kumwambia mtaalamu. Hata hivyo, kupe waliopimwa zaidi ni wa ng'ombe, na harufu inayotoka kwenye mmea hai shambani si kitu kimoja na majani yaliyochemshwa yakamwagwa mgongoni mwa mbwa. Kutoka hapo mpaka kwenye chupa ya kuuza kuna safari ambayo mtu fulani lazima aigharamie.

Mwarobaini umechunguzwa zaidi ya mgagani. Kiini chake, azadirachtini, huzuia wadudu na kupe kula na kuharibu ukuaji wao, ila kazi hiyo ni ya polepole na jua huidhoofisha kama linavyoidhoofisha pareto. Kwa maneno mengine, ule mchuzi wa majani unaochujwa kwa kanga unaweza kusaidia, ukirudiwa mara kwa mara, kwa mbwa mwenye kupe wachache anayeishi kwenye banda safi. Kwa mbwa aliyejaa kupe masikioni mpaka yamekunjamana, ni kumchelewesha. Mafuta ya mbegu za mwarobaini nayo si maji. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta hayo. Mbwa hujilamba, na anachopakwa huishia tumboni.

Utupa ni kisa kingine. Wavuvi wa mito na maziwa wanaujua tangu enzi kama sumu ya samaki, na wafugaji katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati huusugua kwa mifugo dhidi ya kupe. Una nguvu kweli, kwa sababu una rotenoni. Ni mtishamba ambao mabaki ya maji yake yakimwagwa kijitoni huua samaki, kama yanavyofanya mabaki ya permethrini. Samaki haulizi kama kilichomuua kilitoka msituni au kiwandani.

Kisha kuna mambo yanayopitishwa kwa jina la tiba ya asili ambayo Baraza lingeyakemea hadharani bila kusita. Maji ya tumbaku yana nikotini, na mbwa mdogo akijilamba anaweza kufa siku hiyohiyo. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambavyo havina uasili wowote, huunguza ngozi. Vitunguu saumu vinavyochanganywa kwenye ugali wa mbwa "ili damu iwe chungu" huharibu chembe nyekundu za damu, yaani chembe zilezile ambazo Babesia anazipasua. Mgonjwa anasaidiwa kuugua. Na mafuta ya mti wa chai, yanayouzwa mijini kwenye vichupa vizuri kama kitu kisicho na madhara, yalihusishwa na sumu kwa mbwa na paka 443 katika kumbukumbu za miaka kumi za kituo cha sumu za wanyama nchini Marekani, zilizochapishwa mwaka 2014.

Upande wa viwandani hauna cha kujivunia hapa kwetu, kwa sababu ya namna dawa zinavyouzwa. Tuchukue amitrazi, dawa ya josho ambayo pia inafaa kwa mbwa ikitumiwa sawasawa. Chupa nyingi za wafugaji zina nguvu ya asilimia 12.5. Mililita 2 kwa lita moja ya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.025, kiwango kinachojulikana kwa ng'ombe na kinachotumika pia kwa mbwa waliokomaa. Sasa tupime kizibo. Kikiwa cha mililita 5, kwenye ndoo ya lita 10 ni robo tu ya kipimo. Kupe watalewa, watazinduka, na watakaobaki ndio wagumu. Kizibo hichohicho kwenye kopo la lita moja ni mara mbili na nusu ya kipimo. Na yule anayechovya pamba kwenye chupa na kumpaka mbwa dawa ambayo haijatiwa maji amempaka mara 500. Mbwa wa namna hiyo husinzia, mapigo ya moyo hupungua, mwili hupoa, sukari kwenye damu hupanda. Wapo madaktari wanaoweza kumrudisha kwa sindano ya atipamezoli au yohimbini. Lakini daktari atajuaje, ikiwa aliyemleta ana chupa ya maji mkononi na anachokumbuka ni kwamba dawa ilikuwa "nyeupe"?

Kosa la jina la dawa lina bei yake. Klorfenvinfosi, nayo ya josho, ni ya kundi jingine kabisa. Ikimzidi mbwa hutoa mate mfululizo, macho humwagika machozi, hutetemeka na kuhara, na dawa yake ni atropini. Ukimtibu wa amitrazi kama wa klorfenvinfosi unaweza kumpoteza mgonjwa ambaye angepona. Lebo iliyobaki dukani kwenye chupa kubwa ndiyo ingeamua.

Dozi hafifu nazo zina historia. Magharibi mwa Uganda, watafiti waliripoti mwaka 2016 kupe wa ng'ombe waliokuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa mpigo, baada ya miaka mingi ya michanganyiko ya kubahatisha na kubadilisha dawa bila mpango. Huko Florida, kupe huyu wa mbwa amethibitishwa kuwa sugu kwa permethrini. Dawa ya kupe ni mali ya umma kwa namna fulani: anayeitumia vibaya kwenye uga wake humharibia mfugaji wa kijiji cha pili. Nchi inayotoa ruzuku ya dawa za kuogesha ng'ombe haiwezi kufumba macho wakati dawa hizohizo zinamiminwa kwa kizibo kwa ajili ya mbwa.

Ikibidi kutoa hukumu kati ya majirani wawili wa mwanzo, basi ni hii. Kwa mbwa mgonjwa, mbwa mwenye kupe wengi, mbwa wa kampuni ya ulinzi au wa kikosi cha polisi anayelala na wenzake, dawa ya kiwandani iliyosajiliwa kwa mbwa na kupimwa kwa uzito wake haina mpinzani, na mitishamba ikitangulizwa hapo ni kuhatarisha maisha. Kwa mbwa mzima, kati ya dozi moja na nyingine, mwarobaini uliochujwa vizuri hauna ubaya mkubwa na unaweza kuwa na faida. Kwa mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne, amitrazi isimguse; kibano, mkono wenye subira na ushauri wa daktari vinatangulia. Na kwa banda, vyote viwili ni bure bila saruji.

Hukumu hiyo lakini inamhitaji mwananchi awe na kitu cha kusoma. Leo hana.

Baraza kwa hiyo linaombwa likae meza moja na TMDA na TPHPA, dawa yoyote ya kupe inayouzwa rejareja iwe na maelekezo ya Kiswahili yanayomtaja mbwa kwa jina: inamfaa au haimfai, kwa uzito gani, kwa umri gani, mililita ngapi kwa lita, paka wakae mbali kwa muda gani, na daktari atumie nini mbwa akizidiwa. Kama kampuni haina kipimo cha mbwa, iandike hivyo kwa herufi zinazosomeka. Vifungashio vidogo vyenye kikombe cha kupimia viruhusiwe na vihimizwe, maana mwenye mbwa mmoja hana sababu ya kununua lita nzima, na ni ukubwa wa chupa hizo unaozaa umiminaji.

Watengenezaji wa dawa za mimea nao wasifukuzwe kwa fimbo. Wawekewe mlango wa kuingilia: waseme mmea gani, sehemu gani ya mmea, umekamuliwa vipi, unafukuza kupe kwa saa ngapi, na umejaribiwa kwa mnyama gani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina shule ya veterinari na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Pareto ya Mafinga na mwarobaini uliojaa Pwani na Dodoma vinastahili majaribio ya wazi dhidi ya kupe wa mbwa wa Tanzania, ndani ya mabanda ya Tanzania, na matokeo yatolewe hata yakiwa ya kukatisha tamaa. Atakayeshindwa kuthibitisha asiruhusiwe kuandika "salama kabisa" kwenye kichupa chake, kama ambavyo muuzaji wa amitrazi haruhusiwi.

Mengine yatahitaji vikao, bajeti na pengine marekebisho ya kanuni. Moja halihitaji. Baraza linaweza kutoa waraka kwa wataalamu wote waliosajiliwa na vituo vyote vilivyo chini yake kwamba dawa ya kupe haimiminwi kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa mbwa, kwa ng'ombe wala kwa yeyote, na kwamba atakayekutwa akifanya hivyo atawajibishwa. Chupa hizo huishia jikoni, mahali ambapo mtoto mwenye kiu anaweza kuzifikia. Waraka huo unaombwa utoke mwaka huu, ubandikwe ukutani pale kaunta, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa.